Usisogee, Sijamaliza

4 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na yule kuku mchokozi ameacha kutagia ndani ya kiatu chako. Mimi nimefika salama. Mama aliyekaa pembeni yangu garini aliniuliza jina, nikajibu, akauliza tena, nikajibu tena, mwishowe akakata tamaa akawa ananiita "binti" tu. Usicheke.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu mimi hunyamaza, nawe unabaki kupiga "haloo, haloo" mpaka jirani anatoka nje. Karatasi hainiangalii.

Shangazi anaishi ndani ya ghala la zamani la saruji, kando ya mto. Ni refu sana. Mwanzoni kuna kitanda chake, jiko la mafuta na meza, na mwishoni kabisa kuna milango miwili mikubwa ya bati inayofungukia mtoni. Katikati ni picha tu, zimeegemea ukuta kama watu wanaosubiri kuhudumiwa. Madirisha ameyapaka chokaa ili jua lisiingie kali. Vumbi la saruji bado limo kwenye nyufa za sakafu. Unafagia, kesho limerudi.

Aliponifungulia mlango alisema, "Umefanana naye." Nikauliza nani, lakini kwa hii sauti yangu ndogo, na sijui kama hakusikia au hakutaka kusikia.

Kazi naipenda. Nakaza turubai kwenye fremu, nasugua kwa msasa, naosha brashi kwa tapentaini mpaka vidole vinanuka. Na yeye ana namna yake ya kuchora ambayo sikuitegemea. Nilidhani anayechora ukungu anachora ukungu. Kumbe kwanza anachora kila kitu wazi kabisa: mti na majani yake, njia na mawe yake, hata misumari ya uzio. Picha inakuwa kama dirisha lililofutwa vizuri. Halafu anachanganya nyeupe na kijivu kidogo na mafuta mengi, inakuwa nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, anaipitisha juu. Ikikauka, anapitisha nyingine. Na nyingine. Vitu vinazama mpaka unabaki kuvihisi tu. Nilimwandikia kikaratasi kumuuliza kwa nini ahangaike kuchora kitu halafu akifiche. Akakisoma, akacheka kidogo, akasema, "Ukungu usiofunika kitu ni rangi nyeupe tu."

Uliniagiza nimuulize atarudi lini nyumbani. Nimemuuliza. Akasema, "Nikimaliza." Nikatazama alikotazama yeye. Karibu na milango ya bati kuna picha moja kubwa imegeuziwa ukuta. Akaniambia hiyo nisiiguse.

Mjukuu wako,
Sisimizi


26 Februari

Kwako Sisimizi, mke mwenzangu,

Marahaba, na marahaba tena. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Kuku nimemnyang'anya kiatu, sasa anatagia kwenye kofia ya marehemu mume wetu, na naona kidogo heshima imepanda.

Mwalimu wako wa darasa alipita kuniletea cheti chako. Akakaa, akanywa chai yangu, halafu eti, "Mama, binti yako ana akili, tatizo alikuwa mtoro mno." Nikamwambia mtoro ni wewe na masikio yako. Mtoto alikuja kila siku ya Mungu, ukiita jina anasema "nipo", wewe unaandika hayupo. Alicheka mpaka chai ikampalia. Lakini nawe, mjukuu wangu, siku moja ipaze hiyo sauti, hata kama ni kumfukuza kuku.

Nafurahi kazi unaipenda. Kula vizuri. Shangazi yako akiwa na brashi mkononi husahau kuwa watu wana matumbo.

Huku ukungu umeanza mapema mwaka huu. Asubuhi nikifungua mlango sioni hata uzio. Na kuna mtu anakohoa, upande wa ile njia ya kupanda kilimani. Si kikohozi cha mgonjwa, ni kile cha mtu mwenye mafua aliyesimama tu. Nimemwambia jirani, yule fundi redio, akasema ni mbuzi wake. Mbuzi wake namjua anavyokohoa.

Hilo neno la shangazi yako, la kumaliza, usimuulize anamaliza nini.

Baiskeli ya baba yako, ile niliyokuwa nakukataza hata kuigusa, bado imeegemea ukuta pale pale. Jana nimeitia mafuta kwenye mnyororo. Usiniulize kwa nini.

Bibi yako


15 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Cheti kiweke mbali na kuku. Nimefurahi ulivyomjibu mwalimu, ingawa ningekuwepo ningejificha nyuma ya kabati.

Wiki hii alikuja dereva wa lori kuchukua picha za kupeleka kwenye maonyesho. Mtu wa maneno mengi kweli. Alisimama mbele ya picha moja, akaikodolea macho, akasema, "Mama mchoraji, hapa umechora nini, moshi wa jikoni?" Shangazi akamjibu, "Nimechora njia." "Iko wapi?" "Ndiyo hiyo unayoitafuta." Dereva akanigeukia mimi: "Binti, mwambie bosi wako hii haijaisha. Nikiipeleka hivi watanirudisha nayo." Nilicheka, Bibi, na sauti ikatoka kabisa. Shangazi yeye hakucheka. Alisema polepole, "Hizi zimeisha. Hizi zote zimeisha."

Sasa nikwambie kosa langu.

Rangi ya ukungu ikiwa bado mbichi, shangazi hunipa kitambaa chenye mafuta nifute pembeni kidogo, ili ukungu uwe mwepesi upande mmoja. Siku hiyo, akiwa nje na dereva, alinipigia kelele kutoka mlangoni, "Futa pembeni kwenye ile ya mwisho!" Yeye alimaanisha ile aliyoichora mwisho. Mimi nikaelewa ile iliyo mwisho wa ghala. Nilikumbuka kwamba alinikataza kuigusa, nikadhani labda sasa ameruhusu. Ningeweza kutoka nikauliza. Lakini unanijua. Kuuliza tena, mbele ya dereva, kwangu ni kazi kubwa kuliko kufuta.

Nikaigeuza. Ilikuwa nyeupe tupu. Na rangi yake ilikuwa mbichi, Bibi, inang'aa, wakati tangu nije sijamwona akiigusa hata mara moja. Nikafuta ukingoni. Ukatokea uzio. Nikaujua ule uzio. Nikafuta zaidi, nikaona lile tenki letu la maji lenye kibonyeo, na njia ya kilimani. Mkono haukutaka kusimama. Nikafuta katikati ya njia, na hapo akatokea mwanamume. Amesimama, amenipa mgongo.

Shangazi alinikuta hapo. Nilidhani atanipiga. Hata hakunitazama. Aliitazama picha, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba mgeni radhi kwa kuchelewesha chakula, "Samahani. Bado kidogo." Ndipo akaniambia mimi, "Usimfute."

Tangu hapo hatujazungumza habari hiyo. Mtu yule ni nani?

Sisimizi


8 Aprili

Sisimizi,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu jirani aliipokea akaiweka ndani ya redio mbovu ili isipotee, kisha akaisahau, mpaka mwenye redio alipokuja kuichukua. Usimlaumu sana, ndiye anayenichotea maji.

Kuku hajambo. Kofia imekwisha.

Ukungu sasa unakaa mpaka chai ya pili. Katikati ya mwezi uliopita, asubuhi moja, nilifungua mlango nikiwa na kijiko mkononi. Kikohozi nilikizoea. Lakini siku hiyo ukungu ulikuwa na tundu, kama mtu alipitisha kitambaa kwenye kioo, na ndani ya tundu nikaona mgongo. Nikakaa chini palepale kizingitini. Nilipoinuka tundu lilikuwa limeziba.

Sijamwambia jirani. Atasema ni mbuzi.

Nina swali moja, na usinirudishie swali. Huyo wa kwenye picha, suruali yake, mguu wa kulia, umekunjwa mpaka chini ya goti?

Baba yako alisafiri. Ndivyo nilivyokuambia toka ulipokuwa mdogo, na ndivyo ninavyosema.

Bibi yako


29 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Baridi imeanza, mto unatoa moshi asubuhi.

Nilingoja shangazi aende dukani, nikaigeuza picha. Sikuifuta, nilitazama tu pale nilipofuta zamani, maana ukungu wa hapo haujarudi wote. Ndiyo. Mguu wa kulia umekunjwa, kama mtu anayeogopa mnyororo wa baiskeli usimshike.

Nimemaliza shule, Bibi. Mtu anayesafiri hubeba hata mfuko. Huyu hana kitu mkononi. Na baiskeli yake iko ukutani kwako, umeitia mafuta.

Sikulazimishi. Lakini nikueleze kinachokuja, maana sipendi ulijue baadaye.

Shangazi ameniomba nimsimamie anichore. Ndiyo kazi ya mchoraji wa mandhari, anasema: weka mtu mmoja kwenye njia, na mtazamaji atajua njia ni ndefu kiasi gani. Anaita kipimo. Anasema picha ile imekwama miaka yote kwa sababu mtu mmoja hatoshi. "Akiwa peke yake huwezi kujua yuko mbali au karibu. Wakiwa wawili, ndipo utajua nani anakuja na nani anakwenda." Amechora alama ya chaki sakafuni, mbele ya milango ya bati. Ukungu mkubwa wa mto ukija, mwezi wa Mei, atafungua milango nami nitasimama hapo.

Tulifanya mazoezi. Nilisimama kwenye chaki nikimpa mgongo. Akasema, "Usisogee, sijamaliza." Akachora kidogo, kisha nikasikia anaweka brashi, anakwenda jikoni, anachemsha maji, anamimina. Akaniita nije ninywe chai. Nilitaka kwenda. Miguu haikutaka. Sikuwa na ganzi, wala hofu, ilikuwa tu kama si yangu. Nilisimama nikinusa ile chai mpaka akakumbuka, akasema, "Basi." Hapo miguu ikarudi kuwa yangu.

Yeye alishtuka kuliko mimi. 

Lakini nimekubali. Najua utasema ni kwa sababu siwezi kusema hapana. Safari hii siyo aibu. Sina picha yake hata moja, Bibi. Sijui pua yangu ni ya nani. Kama yuko ndani ya ule ukungu, nataka kumwona uso.

Sisimizi


17 Mei

Sisimizi,

Salamu baadaye. Usisimame.

Barua yako imefika leo na sijakaa tangu niisome. Nimemkokota jirani tupige simu ya shangazi yako, inasema haipatikani, tukapiga tena, haipatikani. Kesho alfajiri anapanda gari kwenda kuitia barua hii posta kuu mjini, huku anailalamikia baridi. Mungu ambariki yeye na mbuzi wake.

Sikiliza sasa. Asubuhi ile shangazi yako alikuwa ameweka turubai yake nje, hapa uani, anachora kilima. Baba yako alikuwa anatoka kwenda kazini, ameshakunja suruali. Dada yake akamwambia, "Kaka, hebu nisimamie pale njiani, nipate kipimo, haichukui muda." Akaegemeza baiskeli ukutani akapanda. Alikuwa na mafua. Mimi nilikuwa mlangoni namimina chai, nikamwambia itapoa, akasema, "Nakuja, mama." Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, mchanga.

Ukungu ukashuka. Nikamsikia shangazi yako anaita, "Usisogee, sijamaliza!" Naye akajibu, "Haya!" Akakohoa.

Ukungu ulipoinuka, njia ilikuwa tupu. Tulimtafuta na majirani, na polisi, na mbwa. Nyayo zilikwenda mpaka mahali aliposimama. Za kuondoka hazikuwepo. Shangazi yako alikunja turubai yake akaondoka. Sikumfukuza. Sikumzuia pia. Mama yako alingoja mpaka akachoka, akaolewa kwingine, na sina neno baya kwake.

Nilisema amesafiri kwa sababu sikuwa na neno lingine. Hata leo sina.

Ila hili nalijua: shangazi yako hakumwambia basi. Ulipoandika habari ya ile chai na miguu yako, ndipo nilipoelewa. Amesimama kwa sababu aliambiwa asimame, na baba yako alikuwa mtiifu mno kwa dada yake.

Shangazi yako si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajamaliza. Lakini anataka kumtoa mmoja, na sijui kama anajua anamwingiza nani. Mimi nimekwisha kutoa mtoto kwa picha ile. Sitoi mjukuu.

Usisimame. Funga vitu vyako urudi.

Bibi yako


30 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Nilikuwa nimeshasimama.

Mimi ni mzima. Nalisema hili kwanza ili uvute pumzi, halafu uendelee kusoma.

Asubuhi ile mto haukuonekana. Shangazi alifungua milango ya bati, na ukungu ukaingia ghalani taratibu, kama mtu anayeijua nyumba. Ukapita kwenye picha, moja baada ya nyingine. Nikasimama kwenye chaki, uso nje, mgongo kwake. Akasema, "Usisogee, sijamaliza." Nikasikia brashi.

Kwanza sikuona mikono yangu. Kisha sakafu ikaacha kuwa saruji. Ilikuwa udongo, na umelowa, na ikaja harufu ya majani na ya moshi wa jiko lako, Bibi, siwezi kuukosea. Mbele yangu kidogo, upande wa kulia, mtu akakohoa.

Nilimwona mgongo. Nikaona suruali. Nikangoja ageuke, na hakugeuka. Nikaelewa kuwa hawezi.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayepiga soga kwenye foleni, "Na wewe amekuambia haichukui muda?"

Nikasema ndiyo. Sidhani alinisikia.

"Dada yangu huyu," akasema. "Ukimsubiri amalize utaota mizizi. Na mama ameshamimina chai. Itapoa, atanisema mpaka jioni." Akakohoa tena. "Nina mtoto mchanga pale chini. Hata kulia hajui. Akilia unasikia kama kisisimizi kinalalamika. Nikitoka hapa nampitia kwanza, ndipo niende kazini."

Hukuwahi kuniambia ni nani aliyenipa hilo jina, Bibi.

Nilitaka kusema ni mimi. Nilifungua mdomo na ikatoka ile "nipo" yangu ya darasani, ukungu ukaimeza palepale. Akauliza, "Kuna mtu hapo?" Nikasema nipo. "Kuna mtu?" Nipo. Akaacha, kama aliyezoea kuuliza na kukosa jibu.

Wakati huo baridi ilianza visiginoni. Nyuma yangu, mbali sana, brashi ilikuwa inapita, na kila ikipita baridi inapanda. Nikajua ananichora kuanzia chini. Nikajua kwamba akifika mabegani nitakuwa na muda wote wa dunia wa kuzungumza na baba yangu, na hakuna hata mmoja wetu atakayegeuka.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilipiga kelele, Bibi. "Shangazi! Sema basi! Umemaliza, sema basi! Mwambie!" Nilipiga mpaka koo likauma, kama mtu anayefukuza kuku wa mji mzima.

Brashi ilianguka. Halafu shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo kuliko mimi, "Basi, kaka. Nimemaliza. Basi. Na wewe, mwanangu, basi."

Yule mtu akashusha pumzi. Akanyoosha mgongo kama aliyeshuka kwenye gari baada ya safari ndefu. Akaanza kuteremka njia, haraka, kama mtu aliyechelewa. Uso wake sikuuona, ukungu ulimfunika alipogeuka. Nilikuwa naangalia njia ya kupanda, yeye akapita pembeni yangu akishuka, na nilipopata miguu nikageuka, nilikuwa naitazama meza ya shangazi, na birika, na shangazi amekaa sakafuni.

Kesho yake tuliitazama picha. Ni njia ile, na uzio, na tenki. Ukungu hakuna. Watu hakuna. Shangazi anaapa hakufuta mtu, na mimi namwamini, maana rangi yote ilikuwa imekauka, ngumu, unaweza kuigonga kwa ukucha. Akachukua brashi ndogo akaandika jina lake kwenye pembe. Jina likatoka kama la mtoto wa chekechea.

Amesoma barua yako. Nilimpa mwenyewe. Amelia, kisha ameanza kufungasha. Tunakuja wote.

Jambo moja tu: visigino vyangu ni vyeupe. Nimevisugua kwa tapentaini, kwa sabuni, kwa msasa hata. Rangi haitoki.

Sisimizi wako


15 Juni

Kwako Sisimizi, mke mwenzangu,

Marahaba, mara nyingi uwezavyo kuhesabu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. Lakini kabla haijafika nilikuwa nimeshajua.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kuliko wowote niliouona. Nilikuwa mezani, namimina chai. Mimi humimina vikombe viwili, usiniulize tangu lini. Nikasikia mtu anateremka njiani, mbio mbio. Akapita uzioni, akaingia uani. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, na sikugeuka. Nilihisi nikigeuka nitamzuia, nimwekee maneno, na mtu huyu tumemzuia vya kutosha.

Nikasema, "Chai yako."

Akainywa palepale kizingitini. Nilimsikia anavyoipuliza. Akasema, "Haijapoa." Alishangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Kisha akasema, "Mama, kuna msichana kule juu alipiga kelele mpaka nikashtuka. Sauti hiyo! Ni wa nani?"

Nikamwambia, "Ni wako."

Nikasikia anaweka kikombe chini. Akasema, "Basi amekua," na nikasikia baiskeli inatoka ukutani, na mnyororo, ule niliotia mafuta, ukazunguka vizuri bila kulia. Langoni akagonga kengele, kama alivyokuwa akifanya ulipokuwa mchanga, na wewe ukanyamaza kusikiliza.

Nilipogeuka kikombe kilikuwa kitupu. Baiskeli haipo. Alama ya tairi inatoka ukutani mpaka langoni, na hapo inaishia. Jirani amekuja kuiangalia, amejikuna kichwa, amesema labda ni mwizi. Nikamuuliza, mwizi gani anakunywa chai? Hajaleta habari za mbuzi tangu siku hiyo.

Tangu asubuhi ile sijasikia kikohozi. Nalala. Goti tu ndilo linaloniamsha.

Uso ulioutafuta, nenda kwenye kioo uutazame kuanzia kwenye pua kushuka chini. Nilikuwa nao mbele yangu miaka yote hii, na sikukuambia. Visigino tutavisugua kwa jiwe, na visipotoka, utavaa soksi kama watu wengine.

Mwalimu wako nimemwambia akachukue daftari lake akuandike upo. Shangazi yako mwambie chumba chake kiko vilevile, ila kuku amehamia kitandani, wataelewana wenyewe.

Njooni mchana, jua likiwa limetoka. Na mkifika langoni pigeni hodi, nyote wawili, kwa sauti. Mtu akikohoa tu, sifungui.

Bibi yako